Jinsi ya Kuandika Makala ya Maoni ya Kihafidhina Itakayosomwa Hata na Asiyekubaliana Nawe

Makala nyingi za maoni za mrengo wa kulia hufia kwenye aya ya pili. Ya kwanza inataja habari ya wiki. Ya pili inawalaumu kwa pamoja serikali, waandishi wa habari, vyuo vikuu na vijana wa siku hizi. Kuanzia hapo msomaji aliyekuwa upande wako anatikisa kichwa kukubali, na yule wa upande wa pili ameshafunga ukurasa. Hakuna aliyeshawishiwa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika makala ya maneno 700 hadi 800 juu ya jambo linalozungumzwa sasa, kwa msimamo wa kihafidhina ulio wazi, ambayo hata mhariri asiye mhafidhina ataichapisha kwa sababu hakuona pa kuitoboa. Urefu huo una maana yake. Chini ya maneno 600 hupati nafasi ya kujibu pingamizi. Ukivuka 900 mhariri atakata, na mara nyingi atakata palepale ulipojibu pingamizi, kwa kuwa ndipo panapoonekana kama umetoka nje ya mada.

Unachokitetea kinafanya kazi gani?

Wahafidhina si kundi moja. Yupo anayetetea soko huria na kodi ndogo, yupo anayetetea dini, familia na desturi, yupo anayetetea viwanda na mipaka ya nchi yake, na yupo ambaye wasiwasi wake mkubwa ni madaraka kurundikana mahali pamoja. Kwenye kodi ya mapato wanaweza kukaa upande mmoja. Kwenye ushuru wa forodha wanashikana mashati. Ugomvi huo ni wa zamani. Mwaka 1846 Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza kutoka chama cha Conservative, alifuta Sheria za Nafaka zilizowalinda wenye mashamba dhidi ya ngano ya kutoka nje, na chama chake kikapasuka. Ukiandika "sisi wahafidhina tunaamini" kuhusu biashara ya nje bila kusema unazungumza kutoka kona ipi, wa kwanza kukupinga atakuwa mhafidhina mwenzako.

Kwa hiyo kabla ya aya yoyote, jaza sentensi hii: "Natetea kitu hiki, kinachofanya kazi hii, badiliko linalopendekezwa litaiharibu kazi hiyo kwa njia hii, na watakaoumia ni hawa." Ni sehemu nne, na ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Mtu anajua anaupenda mfumo wa mabunge mawili, lakini ukimuuliza bunge la pili linafanya nini hasa ambacho la kwanza halifanyi, anajibu kwamba limekuwepo siku zote. Ukongwe ni dalili kwamba huenda kuna kazi inayofanyika. Kazi yenyewe bado unatakiwa uionyeshe.

Mwaka 1929 mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton alilieleza hili kwa mfano wa ua uliojengwa kukatiza barabara. Mtu anayetaka kuubomoa kwa sababu haoni faida yake asiruhusiwe. Arudi akiwa ameshajua uliwekwa kwa nini, ndipo asikilizwe. Wengi wameushika mfano huo nusu. Wanautumia kumnyamazisha anayetaka mabadiliko, na kusahau kwamba swali "uliwekwa kwa nini" lina jibu, na jibu likipatikana ua unaweza kubomolewa kwa haki kabisa.

Katika makala yako, anayetafuta jibu hilo ni wewe. Tafuta mwaka sheria au taasisi ilipoanzishwa. Soma kumbukumbu za majadiliano ya bunge ya wakati ule, hasa hotuba ya aliyewasilisha muswada na ya aliyeupinga kwa nguvu zaidi. Andika tatizo waliloliona, kwa maneno yao. Kisha uliza kama tatizo hilo bado lipo, na ni nani atalishika sheria ikiondoka. Kazi hiyo ya saa chache inakupa aya ambayo waandishi wengine wote wa wiki hiyo hawatakuwa nayo. Ukikuta tatizo la awali lilikwisha zamani na hakuna kazi nyingine iliyolirithi, badilisha mada. Usilazimishe.

Onyesha madhara yatapitia wapi

Kusema "sera hii italeta maafa" hakumwambii msomaji kitu. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, aliandika juu ya mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1790, wakati mfalme bado yuko hai na wengi nchini Uingereza wanashangilia. Alitabiri kwamba jeshi lisilojua limtii nani litaishia mikononi mwa jenerali mmoja anayependwa na askari, na huyo atakuwa bwana wa wote. Burke alifariki mwaka 1797. Napoleon alitwaa madaraka mwaka 1799. Utabiri ule ulikuwa na uzito hata kabla haujatimia kwa sababu alionyesha hatua: mamlaka ya zamani yamevunjwa, baraza jipya linabadilika kila mara, askari wamezoea kujadili amri, basi watamfuata anayejua kuwaamrisha. Msomaji aliweza kuikagua kila hatua. Makala yako nayo impe msomaji hatua za kukagua, tatu au nne, kila moja kwa sentensi moja.

Tuchukue mfano mmoja tuuangalie kwa karibu. Suala ni kuweka ukomo wa kodi ya pango. Aya ya kwanza kuandikwa huwa hivi:

"Ukomo wa kodi ya pango ni sera ya kisoshalisti iliyoshindwa kila mahali. Wanasiasa wa kushoto hawajali wapangaji, na vyombo vya habari vinawafichia. Kila mwenye akili anajua kwamba ukibana bei, bidhaa inatoweka."

Aya hiyo ina makosa manne. "Kila mahali" inaangushwa na mfano mmoja tu, na mpinzani wako anao. "Hawajali" ni dai juu ya moyo wa mtu, na huna njia ya kulithibitisha. "Vinawafichia" ni makala nyingine nzima iliyobanwa katika neno moja, na inadai ushahidi wake. "Kila mwenye akili" inamtukana msomaji yuleyule unayetaka kumvuta. Sasa iandike upya:

"Novemba 2021 wapiga kura wa jiji la St. Paul, Minnesota, nchini Marekani, walipitisha ukomo wa asilimia 3 kwa mwaka kwenye ongezeko la kodi ya pango, na hawakuyaacha nje majengo mapya. Katika miezi iliyofuata maombi ya vibali vya kujenga nyumba yalishuka sana. Mwaka 2022 baraza la jiji, ambalo halikuwa la wahafidhina, likayaondoa majengo mapya kwenye ukomo huo kwa miaka 20. Mjenzi asiyejua kama atarudisha gharama zake hajengi, na anayekosa nyumba ni mpangaji ambaye bado hajahamia mjini."

Hakuna tusi hata moja hapo, na bado inauma zaidi. Kuna mahali, mwaka, kiwango, matokeo, na waliorudi nyuma ni watu ambao msomaji wa kushoto hawezi kuwatupa kando kama maadui zake. Angalia pia aliyeumia ni nani. Makala dhaifu ya kihafidhina humtetea mwenye nyumba; iliyo imara humtafuta mnyonge ambaye sera yenyewe ilidai kumsaidia.

Bado kazi haijaisha. Mpinzani atasema riba zilipanda mwaka 2022, kwa hiyo ujenzi ungeshuka tu. Ana haki ya kuuliza. Basi fungua takwimu za vibali za Minneapolis, jiji la ng'ambo ya mto lenye riba zilezile na soko lilelile la mafundi, ambalo halikuwa na ukomo huo, uone huko ilikuwaje mwezi kwa mwezi. Kulinganisha na jirani ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kutenganisha athari ya sera na hali ya jumla ya uchumi, na haihitaji shahada ya takwimu.

Hoja ya matokeo yasiyokusudiwa, ambayo wahafidhina wanaipenda sana, inakata pande zote. Marufuku ya pombe nchini Marekani ilianza Januari 1920 na kufutwa Desemba 1933. Ni mfano mzuri wa sheria iliyojaribu kuitangulia desturi ya watu: unywaji ulipungua mwanzoni, lakini magendo na magenge vikajaza pengo. Ila waliopigania marufuku hiyo walijumuisha makanisa mengi na watetezi wa familia waliokuwa na nia safi. Ukiutumia mfano huu dhidi ya serikali kuingilia uchumi, uwe tayari kuulizwa kwa nini hauutumii dhidi ya marufuku unazozipenda wewe. Jibu likiwepo, liweke ndani ya makala.

Hesabu zinazowaangusha wengi

Hapa ndipo makala nyingi nzuri huharibika, na kosa moja la hesabu humpa mpinzani sababu ya kutojibu mengine yote.

Asilimia na pointi za asilimia ni vitu viwili. Kodi ikipanda kutoka asilimia 4 hadi 5 imepanda kwa pointi 1 ya asilimia, lakini mzigo wa mlipaji umeongezeka kwa asilimia 25. Vyote viwili ni kweli. Ukitaja 25 peke yake unaonekana mchochezi, ukitaja 1 peke yake unaonekana unaficha. Taja viwango vyote viwili, "kutoka 4 hadi 5", msomaji apime mwenyewe.

Mfumuko wa bei ukishuka, bei hazishuki. Kitu cha 100, mfumuko ukiwa asilimia 10 mwaka wa kwanza, kinakuwa 110. Mwaka wa pili mfumuko ukishuka hadi asilimia 4, kinakuwa 114.4. Serikali itajisifu kwamba mfumuko umeshuka, mnunuzi atasema maisha yamepanda, na wote wawili wanasema kweli. Makala inayoeleza hilo kwa mistari mitatu inamfaa msomaji kuliko inayoita takwimu za serikali uongo.

Nakisi ni pengo la bajeti la mwaka mmoja. Deni ni jumla ya yaliyokopwa na hayajalipwa. Nakisi inaweza kupungua huku deni likiendelea kukua, na mwandishi anayechanganya viwili hivyo hapaswi kuandika juu ya bajeti mpaka avitenganishe.

Kiwango cha juu cha kodi hakitozwi kwenye pato lote. Chini ya Rais Ronald Reagan wa Marekani kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya shirikisho kilishuka kutoka asilimia 70 hadi 28, kwa sheria za mwaka 1981 na 1986. Asilimia 70 ile ilitozwa tu kwenye sehemu ya pato iliyovuka kizingiti cha juu, na wengi walikuwa na njia za kupunguza wanacholipa. Na katika miaka minane hiyohiyo deni la shirikisho liliongezeka karibu mara tatu. Mwandishi wa kulia anayetaja punguzo la kodi bila kutaja deni anamwachia mpinzani wake makala ya wiki ijayo. Taja yote mawili, kisha eleza matumizi yalikuwa na nafasi gani katika deni hilo, hasa ulinzi na mipango ambayo bunge lilikataa kuigusa.

Kwenye kura za maoni, sampuli ya watu 1,000 waliochaguliwa vizuri ina kosa la takribani pointi 3 juu au chini kwa kila namba. Lakini tofauti kati ya wagombea wawili ina kosa linalokaribia mara mbili ya hapo, kwa sababu mmoja akipanda mwingine hushuka. Mgombea anayeongoza kwa pointi 4 katika kura moja kama hiyo hajathibitika kuwa anaongoza. Soma pia swali lilivyoulizwa, neno kwa neno. Anayeulizwa kama anaunga mkono "kulinda mipaka" na anayeulizwa kama anaunga mkono "kufukuza familia" huenda wakatoa majibu tofauti juu ya sera ileile, na wewe unapaswa kumwambia msomaji ni swali lipi liliulizwa, hata kama jibu linakupendeza.

La mwisho ni mwaka wa kuanzia. Ukichagua mwaka wa mtikisiko wa uchumi kama mwanzo, kila serikali iliyofuata itaonekana ya miujiza. Anza na mwaka wa kawaida, au toa miaka 10 yote.

Kukosoa vyombo vya habari bila kulalamika

Malalamiko ya upendeleo ni mada ambayo wahafidhina huiandika mara nyingi na vibaya. Upendeleo upo na unapimika, lakini lazima uupime. Chagua habari moja tu, vyombo vitano, na siku saba. Kwa kila taarifa andika mambo haya kwenye jedwali: kichwa cha habari, mtu wa kwanza kunukuliwa na yuko upande gani, watu wa kila upande wanavyotambulishwa, idadi ya vyanzo visivyotajwa majina, na kama kuna masahihisho yaliyotolewa na yamewekwa wapi. Safu ya utambulisho huwa ndiyo yenye mavuno. Mara nyingi wa upande mmoja anaitwa "mtaalamu" na wa upande wa pili "mwanaharakati" au "mwenye msimamo mkali", ingawa wote wawili wanalipwa na taasisi zenye msimamo. Ukionyesha hilo mara tisa katika taarifa kumi na mbili, huhitaji kusema neno "ajenda" hata mara moja.

Weka kila taarifa uliyoipata, pamoja na zile zinazokuangusha. Jedwali lenye mifano unayoipenda tu ni mkusanyo wa hasira, na mhariri wa chombo unachokikosoa atalibomoa kwa dakika tano.

Tenganisha ukurasa wa habari na ukurasa wa maoni. Kwenye magazeti mengi makubwa kurasa hizo zina wakuu tofauti. The Wall Street Journal ina ukurasa wa maoni wa kihafidhina unaojulikana, na chumba cha habari chenye utaratibu wake. Kusema "gazeti fulani linadai" ukinukuu safu ya mgeni ni kosa la wazi. Vivyo hivyo kichwa cha habari: kwa kawaida mwandishi wa taarifa hakukiandika yeye, basi ukikosoa kichwa, sema ni kichwa.

Uwe mkali kwa vyombo vya upande wako pia. Gazeti lililochapa mwaka 1948 kwamba Dewey wa Republican amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani, kumbe Truman ndiye aliyeshinda, lilikuwa Chicago Tribune, lililoegemea chama cha Republican. Lilikwenda mitamboni mapema na kuamini lililotaka kuamini. Na ukizungumzia historia ya vyombo vya kihafidhina, kuwa sahihi. Kanuni ya Marekani iliyowataka wenye vituo vya redio na televisheni kutoa pande zote za masuala yenye ubishi ilitokana na uamuzi wa mwaka 1949 na ikaachwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata kipindi cha redio cha mtangazaji wa kihafidhina Rush Limbaugh kilianza kurushwa nchi nzima. Lakini kanuni hiyo haikuyahusu magazeti, na ililenga vituo vinavyorusha hewani kwa leseni ya serikali, si chaneli za kebo kama Fox News, iliyoanza mwaka 1996. Wanaosema kufutwa kwake ndiko kulikoizaa Fox News wamekosea, na ni kosa linalofanywa na pande zote.

Pingamizi lililo imara kuliko yote

Tenga maneno 100 hadi 120, baada ya nusu ya makala, kwa pingamizi zito kabisa dhidi yako. Lile jepesi liache. Kipimo chake ni kwamba anayeliamini akisoma ulivyoliandika aseme "ndiyo, hiyo ndiyo hoja yangu".

Mfano mzuri wa kujifunzia ni haki ya kununua nyumba za halmashauri nchini Uingereza, iliyowekwa na serikali ya waziri mkuu Margaret Thatcher wa Conservative kwa sheria ya mwaka 1980. Wapangaji waliuziwa nyumba walimokaa kwa punguzo kubwa, na zaidi ya nyumba milioni 1 zikawa mali ya waliokuwa wapangaji. Ni hoja nzito kwa anayeamini kwamba mwenye mali huitunza na hujenga jamii. Pingamizi lake ni zito pia: nyumba zilizouzwa hazikujengwa nyingine za kutosha kuzifidia, nyingi baadaye ziliishia kwa wenye kupangisha, na Scotland iliifuta haki hiyo mwaka 2016, Wales ikafuata mwaka 2019.

Jibu baya ni kukana. Jibu zuri linatenganisha mambo mawili: kuwamilikisha wapangaji, na halmashauri kubanwa zisitumie kwa uhuru fedha za mauzo kujenga nyingine. La kwanza unalitetea. La pili unakubali lilikuwa kasoro, na unaonyesha kwamba lingeweza kurekebishwa bila kuligusa la kwanza. Kukubali kwa namna hiyo hakukupunguzii kitu. Msomaji aliyekuwa anasubiri uruke sehemu ngumu anakuta umepita palepale.

Pendekezo, si kilio

Maneno 100 yafuatayo yaseme kifanyike nini. Mhafidhina ana zana zake, na si lazima jibu liwe "msiguse". Unaweza kupendekeza jaribio katika eneo dogo kabla ya nchi nzima. Unaweza kupendekeza sheria yenye tarehe ya kufa, miaka 5 kwa mfano, ili bunge lilazimike kuipima upya. Unaweza kupendekeza jambo lishushwe kwenye ngazi ya chini inayoliweza. Msingi huo uliwekwa wazi katika mafundisho ya Papa Pius XI ya mwaka 1931, kwamba chombo kikubwa kisinyang'anye kazi ambayo kidogo kinaimudu, na wapo wasio Wakatoliki wanaoukubali. Unaweza kupendekeza wanaohusika walipwe fidia au wapewe muda wa mpito. Kila zana kati ya hizo inakubali kwamba tatizo lipo. Makala inayokana tatizo ambalo watu wanaliona kwa macho yao haisomwi tena.

Lugha na majina

Pitia rasimu ukiwa na kalamu nyekundu ya maneno haya: "ajenda", "kila mtu anajua", "ukweli ni kwamba", "eti", "wale wanaojiita". Yafute yote, kisha soma tena. Mara nyingi sentensi inasimama bila hayo. Ita sera kwa jina lake rasmi mara ya kwanza, hata kama waungaji mkono wake ndio waliolichagua, kisha eleza inafanya nini.

Dai juu ya kitendo na dai juu ya tabia havilingani mbele ya sheria wala mbele ya msomaji. "Waziri alisaini mkataba bila zabuni ya wazi" linathibitika kwa hati. "Waziri ni mwizi" linahitaji hukumu ya mahakama, na kuliita maoni hakukulindi.

Nukuu nazo ni mtego mkubwa kwa waandishi wa kulia, kwa kuwa tunapenda kuegemea waliotangulia. Ile kauli kwamba uovu hushinda pale watu wema wanapokaa bila kufanya lolote hupewa Burke kila siku, na haipatikani katika maandishi yake. Ile ya kwamba kijana asiye wa mrengo wa kushoto hana moyo na mtu mzima asiye mhafidhina hana akili hupewa Churchill, na hakuna ushahidi kwamba aliisema. Ukishindwa kupata hotuba, tarehe na ukurasa, acha nukuu. Na ukimtaja mchumi Friedrich Hayek, ambaye mwaka 1945 alieleza vizuri kuliko wengi jinsi bei zinavyokusanya maarifa yaliyotawanyika kwa watu wengi, usimwite mhafidhina. Yeye mwenyewe alilikataa jina hilo kwa maandishi.

Kupeleka na baada ya hapo

Tuma ndani ya saa 48 tangu habari itoke. Barua kwa mhariri iwe na sentensi nne: hoja yako, kwa nini sasa, kwa nini wewe, na idadi ya maneno. Bandika makala chini ya barua, kwa kuwa viambatanisho havifunguliwi, na chini kabisa orodhesha chanzo cha kila namba kwa ajili ya mhariri. Taja mapema kama unalipwa na chama, taasisi au kampuni inayohusika na jambo hilo. Usitume sehemu mbili kwa wakati mmoja. Subiri siku tatu za kazi, andika kwamba unaiondoa, kisha peleka kwingine. Kichwa atakiandika mhariri. Unaweza kupendekeza chako, na ukiona chake kimebadili maana ya hoja, omba kirekebishwe siku ileile.

Ikichapishwa, watakaokuandikia kukusifu waache. Soma barua za wanaopinga na utafute kosa la ukweli, si la maoni. Likiwepo, mwandikie mhariri kabla hajaandikiwa na mwingine: taja sentensi ilivyokuwa, ilivyotakiwa kuwa, na chanzo. Omba sahihisho liwekwe chini ya makala yenyewe likiwa na tarehe, na usibadilishe kimya sentensi iliyokwisha kusomwa. Pingamizi jipya ambalo hukulifikiria liandike kwenye faili la mada hiyo, kwa sababu suala litarudi kwenye bajeti ijayo au uchaguzi ujao, na aya ya maneno 120 utakuwa umeshaianza.